Feni Inayosukumwa kwa Ufagio

Aliyewahi kupanga chumba Tanga au Mombasa anaijua feni ya namna hii. Unabonyeza swichi, unaisikia ikinguruma darini, lakini mapanga yake hayasogei. Mwenye chumba haiti fundi. Anachukua ufagio, anainua mpini, analisukuma panga moja taratibu, na feni inaanza kwa uvivu, inashika kasi, kisha inapuliza hadi alfajiri kana kwamba haikuwa na tatizo lolote. Ukiisukuma upande wa pili, inazunguka upande wa pili, na upepo unakwenda darini badala ya kuja kitandani. Siku fundi atakapoitwa, atapanda juu ya meza, atashusha kikombe cha plastiki kinachoficha nyaya, atang'oa kiboksi cheusi cha ukubwa wa kiberiti na kufunga kingine. Ufagio unarudi konani.

Kiboksi hicho ni kapasita, au kondensa kwa mafundi wa zamani. Tangu siku binadamu alipokutana na kitu cha aina yake hadi siku kilipozoea kukaa ndani ya mota za nyumbani, ilipita karibu miaka 185. Mtu angedhani wataalamu ndio waliochelewa kuelewa. Kumbe kanuni yenyewe ilijulikana mapema. Kilichosubiriwa kilikuwa karatasi, mafuta na plastiki.

Wa kwanza kupigwa na umeme wa kitu cha aina hiyo alikuwa mtu wa kanisa. Tarehe 11 Oktoba 1745, Ewald Georg von Kleist, mkuu wa kanisa kuu la mji wa Kammin huko Pomerania, alikuwa akiingiza umeme wa mashine ya msuguano ndani ya kichupa cha dawa kupitia msumari. Mkono mmoja ulishika kichupa, wa pili ukagusa msumari, na pigo likapanda hadi begani. Aliwaandikia wenzake, lakini wengi waliojaribu kurudia kazi yake walitoka mikono mitupu, kwa sababu maelezo yake hayakuonyesha wazi kwamba lazima kichupa kishikwe mkononi.

Miezi michache baadaye jambo hilohilo likatokea Leiden, Uholanzi, katika maabara ya profesa Pieter van Musschenbroek. Kulikuwa na mwanasheria aliyependa kuitembelea maabara hiyo, Andreas Cunaeus. Wataalamu waliokuwa wakiingiza umeme ndani ya chupa ya maji, kwa kufuata elimu waliyokuwa nayo, waliiweka chupa hiyo juu ya kitu kisichopitisha umeme ili umeme usivuje. Cunaeus hakuwa na elimu hiyo ya kumzuia. Aliishika chupa kwa kiganja, kama mtu anavyoshika glasi ya maji, kisha akagusa waya uliochovywa ndani. Pigo alilopata halikuwa limewahi kuonekana maabara hiyo. Profesa alijaribu mwenyewe, na Januari 1746 akamwandikia mwanasayansi Réaumur wa Paris kumweleza, akimwonya asithubutu. Abati Jean-Antoine Nollet ndiye aliyekipa chombo jina la chupa ya Leiden, na ndiye aliyekigeuza tamasha: mbele ya mfalme Louis wa 15 huko Versailles aliwapanga walinzi 180 wakiwa wameshikana mikono, akaipitisha chaji ya chupa, na wote wakaruka kwa pamoja.

Siri ilikuwa kiganja cha Cunaeus. Maji ya ndani yalikuwa upande mmoja, kiganja upande wa pili, na kioo katikati. Chaji iliyoingizwa ndani ilivuta chaji ya kinyume kwenye kiganja, zikabaki zinatazamana kupitia kioo bila kuweza kufikiana, hadi mkono wa pili ulipozifungulia njia. Kapasita zote zilizofuata, hata ile ya feni, ni nyuso mbili za kitu kinachopitisha umeme zilizotenganishwa na kitu kisichopitisha. Uso ukiwa mpana zaidi, na kitenganishi kikiwa chembamba zaidi, ndivyo kapasita inavyomeza chaji nyingi. Sentensi hiyo moja inabeba historia yote iliyobaki.

Benjamin Franklin, kule Philadelphia, aliichambua chupa sehemu kwa sehemu na kuonyesha kwamba nguvu imekaa kwenye kioo, wala maji si kitu. Lakini kwa habari yetu, jambo lake lililo kubwa zaidi ni gurudumu ambalo halisimuliwi sana. Katika barua yake ya Aprili 1749 alieleza ubao wa mviringo uliosimamishwa juu ya mhimili, ukiwa umechomekwa vipande 30 vya kioo kama miale ya jua, na kila ncha ikivalishwa tondoo ya shaba, ile kofia ya kidole ya mshonaji. Chupa ya Leiden ikisogezwa karibu, tondoo inavutwa, inachajiwa, inafukuzwa. Inayofuata inavutwa, inafukuzwa. Gurudumu lilizunguka mara 12 hadi 15 kwa dakika, na Franklin aliona linafaa kumgeuza bata mzinga juu ya moto katika karamu aliyoipanga kando ya mto Schuylkill. Kwa hiyo mota na kapasita ziliwahi kukutana mapema kabisa, zikiwa kitu kimoja, kwa ajili ya nyama choma. Desemba 1750 Franklin alitaka kumuua bata mzinga kwa chupa mbili kubwa, akajipiga mwenyewe hadi akapoteza fahamu kwa muda. Bata hakudhurika.

Baada ya hapo mota na kapasita zikaachana. Mwanasayansi Volta aliporundika sahani za metali mwaka 1800 na kupata mkondo usiokatika, chupa ya Leiden ikabaki chombo cha darasani. Ørsted alionyesha mwaka 1820 kwamba waya wenye mkondo unaigeuza sindano ya dira, na Faraday akaja na ugunduzi wake wa 1831 kwamba sumaku inayosogea inaamsha umeme kwenye waya. Mota za miaka iliyofuata zilitegemea sumaku, koili na brashi. Faraday aliachia jina lake kipimo cha kapasita, faradi, kipimo kikubwa mno kiasi kwamba mafundi wa feni huishi kwenye sehemu zake za milioni moja, mikrofaradi.

Kilichozirudisha pamoja kilikuwa mkondo geu, ule unaokwenda na kurudi, na mtu wa kwanza kuiona njia hiyo hakuiamini. Mwaka 1885 huko Turin, Galileo Ferraris alichukua koili mbili, akazipa mikondo miwili inayopishana, mmoja ukifika kileleni wakati mwingine uko sifuri, na kuona silinda ya shaba iliyowekwa katikati ikianza kuzunguka bila kuguswa na waya wala brashi. Nguvu ya sumaku ndiyo iliyokuwa ikizunguka, na shaba ikiifuata. Aliwasilisha kazi hiyo Machi 1888 mbele ya chuo cha sayansi cha Turin, huku hesabu zake zikimwambia kwamba mota ya namna hiyo haiwezi kugeuza zaidi ya nusu ya umeme kuwa kazi, kwa hiyo haina thamani ya kibiashara. Mei mwaka huohuo Nikola Tesla alipewa hataza zake Marekani na kusimama mbele ya wahandisi wa New York kueleza kitu kilekile kwa imani ya mtu anayeuza. Mwenye viwanda Westinghouse akazinunua hataza hizo. Mwaka 1889 Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, akifanya kazi Ujerumani, alitengeneza mota ya fezi tatu yenye rota, yaani sehemu inayozunguka, ya vizimba, babu wa mota zinazosukuma viwanda hadi leo.

Fezi tatu ni neema. Mikondo mitatu inapokezana, sumaku inazunguka yenyewe, mota inaanza bila kuombwa. Shida ni kwamba waya unaofika nyumbani una fezi moja tu. Uwekezaji wa nguzo na nyaya ulikwenda kwa taa, na taa haijali fezi. Hata leo kijiji kinaweza kuwashiwa umeme kwa shangwe, kisha mwenye mashine ya kusaga akagundua kwamba laini iliyopita mlangoni kwake haiwezi kuamsha mota aliyoagiza.

Mkondo wa fezi moja ndani ya koili moja hauzungushi kitu. Unajenga sumaku inayobadilisha kichwa na mkia mara 100 kwa sekunde mahali palepale, na rota iliyosimama katikati inavutwa sawasawa kulia na kushoto. Ndiyo ngurumo unayoisikia darini. Ikishasogea upande wowote, hata kwa mpini wa ufagio, upande huo unapata nguvu kuliko mwingine na rota inaendelea. Mafundi wa garimoshi walilijua tatizo la aina hii zamani. Pistoni ikisimama mwisho kabisa wa mwendo wake, mvuke unaisukuma bure, gurudumu haligeuki. Ndiyo maana pistoni za pande mbili za injini hupangwa zikipishana robo mzunguko, ili moja ikiwa imekwama, nyingine iwe katikati ya nguvu zake. Mota ya nyumbani ilihitaji pistoni ya pili. Ilihitaji koili ya pili yenye mkondo unaopishana na wa kwanza kwa robo ya mzunguko, yaani milisekunde 5 kwa umeme wetu wa hezi 50.

Na kapasita inaweza kuleta mpishano huo. Katika koili, mkondo huchelewa nyuma ya volti, kwa kuwa sumaku haipendi kuharakishwa. Katika kapasita mkondo hutangulia: unaingia kwa kishindo chombo kikiwa kitupu, na unaisha volti inapofika kileleni. Funga kapasita mfululizo na koili ya pili, chukua umeme wa waya uleule mmoja, na mikondo miwili itapishana. Waya mmoja umezaa fezi mbili. Tesla mwenyewe alipewa hataza mwaka 1891 za mota zilizofungiwa kondensa, na Desemba mwaka huo akapata nyingine ya kondensa ambayo sahani zake zimezamishwa ndani ya mafuta. Dawa ilikuwa imeandikwa. Duka la dawa ndilo halikuwepo.

Hesabu kidogo itaonyesha kwa nini. Feni ya dari ya siku hizi huhitaji kama mikrofaradi 2.5. Chupa ya Leiden ya painti moja ina karibu nanofaradi 1. Kuizungusha feni hiyo kwa chupa za Musschenbroek kungehitaji chupa 2,500. Pampu ya maji ya nguvu farasi moja, inayotaka mikrofaradi 25 hivi, ingehitaji chupa 25,000. Na zote hizo zingekuwa imara kupita kiasi, maana kioo chake kinene kinavumilia maelfu ya volti wakati ukuta wa nyumba unatoa 230. Kilichotakiwa ni kitenganishi chembamba sana chenye eneo kubwa sana, cha bei ndogo, kisichotoboka kikipigwa na mkondo geu saa 24. Mwaka 1891 hakikuwepo.

Wahandisi wakazunguka tatizo. Wengine waliifanya koili ya pili kwa waya mwembamba wenye ukinzani mkubwa, upate kupishana kidogo, kisha swichi ikaikata kabla haijaungua. Wengine walifunga pete nene ya shaba kwenye pembe ya kila ncha ya sumaku ili kuichelewesha kona hiyo. Mota hizo ni rahisi ajabu, bado zimo kwenye vifeni vidogo, lakini nyingi hugeuza chini ya theluthi ya umeme kuwa kazi. Kazi nzito, kama pampu na majokofu ya mwanzo, zilipewa mota zenye brashi za kaboni zinazojiondoa zikishashika kasi, kama zile za kiwanda cha Wagner cha St. Louis. Zilianza kwa nguvu kweli. Pia zilipiga kelele, zilitoa cheche, zilitaka brashi mpya, na jirani mwenye redio alizilaani.

Redio hiyohiyo, ninavyoona mimi, ndiyo iliyomkomboa jirani. Miaka ya 1920 kila sebule ya Marekani na Ulaya ilitaka redio, na kila redio ilitaka kondensa kadhaa. Viwanda vikajifunza kukunja mikanda mirefu ya foili na karatasi iliyolowekwa nta au mafuta, kama mtu anavyokunja mkeka, hadi mita nyingi za mraba zikaingia ndani ya kopo. Ilikuwepo pia njia ya Karol Pollak, Mpoland aliyepata hataza mwaka 1896: alumini ikiwa ndani ya maji ya kemikali hujivika utando wa oksaidi mwembamba kupita karatasi yoyote. Mwaka 1929 Benjamin F. Bailey, profesa wa uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Michigan, alichapisha makala yake kuhusu mota ya kondensa. Wakati ulikuwa umefika, kwa sababu sasa msomaji wake angeweza kuagiza kondensa kutoka kiwandani.

Miaka ya 1930 ikaigawa familia ya kapasita za mota sehemu mbili. Kapasita ya kuwashia, ya utando wa alumini, ina mikrofaradi 100 na kuendelea ndani ya kopo dogo, lakini haivumilii mkondo geu zaidi ya sekunde chache. Kwa hiyo inafanya kazi wakati wa kuamka tu, na mota ikifika kama robo tatu ya kasi yake, swichi ya mhimili inaikata. Ule mlio wa "tak" unaousikia pampu inapoanza ndio huo. Kapasita ya kuendeshea ni ndogo kwa mikrofaradi lakini haikatwi kamwe, na hapa ndipo faida ya kweli ilipo. Umeme wa fezi moja huipa mota nguvu kwa mapigo, 100 kwa sekunde, na baina ya mapigo hakuna kitu. Mota hutetemeka na kupoteza. Koili ya pili ikibaki kazini inajaza mapengo yale. Mota inatulia, inapoa, na ya ukubwa unaofanana inaweza kugeuza nusu ya umeme na zaidi kuwa kazi.

Karatasi ilitaka mafuta, na mafuta yaliyopendwa zaidi yalikuwa ya PCB, yaliyoanza kutengenezwa kibiashara mwaka 1929 huko Anniston, Alabama. Hayakushika moto, hayakuoza, yalipunguza ukubwa wa kopo. Kutooza ndiko kulikogeuka balaa. Mwaka 1968 Wajapani wa kisiwa cha Kyushu waliugua kwa wingi baada ya mafuta ya pumba za mpunga kuingiliwa na PCB. Marekani ilipiga marufuku utengenezaji mwaka 1979, na Mkataba wa Stockholm wa 2001, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, uliweka mwaka 2025 kuwa mwisho wa kutumia vifaa vyenye mafuta hayo na 2028 kuwa mwisho wa kuyateketeza salama. Kopo zee la chuma la miaka hiyo, likiwa limevuja mafuta, halifai kuokotwa kwa mkono mtupu hata kama chuma chake kina bei.

Aliyeifunga hesabu hakuwa mtu wa umeme. Mwaka 1954 Giulio Natta, mkemia wa Milan, alitengeneza polipropilini iliyopangika vizuri, plastiki ileile ya ndoo na viroba, na mwaka 1963 akagawana Tuzo ya Nobel na Karl Ziegler. Ikivutwa kuwa utando wa maikromita chache tu, plastiki hiyo hupoteza umeme kidogo sana kuwa joto na haihitaji kulowekwa. Badala ya kuiwekea foili, viwanda huifukizia mvuke wa alumini au zinki hadi ipakike safu isiyoonekana kwa unene. Wazo la safu hiyo ni la zamani pia, Mwingereza G. F. Mansbridge alilipatia hataza mwaka 1900 akitumia karatasi. Uzuri wake ni huu: sehemu dhaifu ikitoboka, cheche inaunguza metali iliyoizunguka, tundu linabaki kisiwani bila umeme, na kapasita inaendelea kufanya kazi. Inajiponya.

Lakini kila kidonda kinachopona huacha kovu, na kila kovu ni uso uliopungua. Umeme unaopanda na kushuka, joto la dari la bati, miaka mitano ya kuwasha usiku kucha: mikrofaradi 2.5 zinakuwa 2, kisha 1.5. Feni namba tano inapuliza kama namba tatu, na mwenye nyumba anamlaumu muuzaji au bearingi. Ikishuka zaidi, anatafuta ufagio.

Viwandani kapasita ina kazi nyingine, na huko hesabu huwa za shilingi. Mota, hata ya fezi tatu, huchukua umeme wa aina mbili. Mmoja unageuka kazi. Mwingine unaamsha sumaku, kisha sumaku ikilala unarudishwa kwenye laini, mara 100 kwa sekunde. Huo wa pili hauliwi, lakini unasafiri, na nyaya hupata joto kwa mkondo wowote unaopita, uwe unakwenda kazini au unarudi. Kiwanda chenye mota za kilowati 70 na pawafekta, yaani sehemu ya umeme unaosafiri inayogeuka kazi, ya 0.7 kinaivuta laini kwa kVA 100, kipimo kinachochanganya aina zote mbili. Weka kabati la kapasita pembeni ya mota hizo, na sumaku inakopa kwa jirani badala ya kukopa kituoni: kapasita inatoa wakati koili inataka, inapokea wakati koili inarudisha. Pawafekta ikipanda hadi 0.95, kVA zinashuka hadi 74 hivi, na joto linalopotea kwenye nyaya za kuja kiwandani linapungua karibu nusu. TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, huwatoza wateja wake wakubwa kwa kVA, kwa hiyo meneja wa kiwanda haombwi kuamini. Anaona kwenye ankara.

Wauzaji wa vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyodaiwa kupunguza bili ya nyumba wameiba hoja hii na kuipeleka mahali isipofanya kazi. Ukivifungua utakuta kapasita ndogo na taa ya kijani. Mita ya LUKU, ya kulipia kabla, ya nyumbani huhesabu kilowati-saa, umeme ulioliwa, na ule wa kwenda na kurudi haiuhesabu. Taa ya kijani ndiyo inayoongeza matumizi.

Mafundi wa mitaani wengi hawana kipimo cha mikrofaradi. Wanaichaji kapasita kwa kuigusisha soketini mara moja, kisha wanaunganisha ncha zake kwa bisibisi. Ikitoa cheche wanasema nzima. Ni kipimo cha hatari na tena kinadanganya, maana kapasita iliyopungua nusu bado inatoa cheche. Niliwahi kusimama katika duka la kusuka mota ambako fundi alikuwa ameshaigusisha moja soketini akaitwa nje kabla hajashika bisibisi. Kijana wake alikuja kupanga meza na kuiokota, kiganja kizima. Aliiachia kama kaa la moto, akageuka kutazama soketi, akautazama mkono wake, kisha akainama kutafuta chini ya meza waya uliompiga.